Tshopo: kwa nini kokoto za Kisangani zinakuwa ghali zikifika kijijini

Mjini Kisangani, mawe hayakosekani. Yako kwenye maporomoko ya Wagenia, yako kando ya mto Tshopo, na watu wanaishi kwa kuyavunja kwa nyundo. Lakini mkaaji anayetaka kujenga nyumba ya kudumu, duka, kanisa au kituo cha afya upande wa Yangambi, Opala au kwenye barabara ya Buta anatambua upesi kwamba bei anayoambiwa mjini siyo atakayolipa. Rundo ni lile lile, na fundi atalitumia vile vile. Kinachobadilika ni barabara iliyo kati ya mawe na kiwanja.

Matokeo yake yanaonekana vijijini: misingi iliyoishia usawa wa ardhi na kuota majani, kuta za matofali ya kuchoma bila linta, marundo ya mchanga yanayobebwa na mvua kwa sababu kokoto hazikufika. Familia nyingi hazikukosa pesa tangu mwanzo. Zilianza kujenga kwa hesabu ya mjini, na pesa zikaisha njiani.

Jimbo moja, ardhi mbili

Ili kuelewa bei, ni lazima kwanza kujua mawe yako wapi. Jimbo la Tshopo lina wilaya saba: Bafwasende, Banalia, Basoko, Isangi, Opala, Ubundu na Yahuma. Kwa upande wa mawe, wilaya hizo haziko sawa.

Kisangani imekaa kwenye mpaka. Mashariki na kusini mwa mji, mto Kongo unashuka kwenye miamba ya maporomoko ya Boyoma, yaliyoitwa Stanley Falls wakati wa ukoloni. Ni maporomoko saba yanayofuatana kwa kilomita karibu 100, kuanzia Ubundu hadi Wagenia. Miamba hiyo ndiyo inawawezesha wavuvi wa Wagenia kusimika miti yao na kutundika mitego katikati ya maji makali. Ni hiyo pia iliyowalazimisha wakoloni kujenga reli ya kilomita 125 kati ya Kisangani na Ubundu, iliyofunguliwa mwaka 1906, kwa sababu hakuna meli inayoweza kupita hapo. Kuelekea Bafwasende na Banalia, miamba ya kale inaendelea kujitokeza kwenye mito na kando ya barabara.

Ukishuka na mto kuelekea magharibi, mambo yanageuka. Isangi, pale mto Lomami unapoingia katika Kongo, Basoko, pale Aruwimi inapoingia, pamoja na Yahuma na sehemu kubwa ya Opala, ziko ndani ya bonde kuu la mto Kongo. Huko ardhi ni mchanga na udongo wa mfinyanzi uliolundikwa na maji kwa maelfu ya miaka. Mtu anaweza kuchimba kisima cha mita nyingi bila kugonga jiwe hata moja. Kwa fundi wa huko, kokoto ni bidhaa ya kuagiza kutoka mbali, kama simenti na mabati.

Kwa hiyo, swali la kwanza kwa mwenye kiwanja ni umbali: jiwe la karibu liko kilomita ngapi kutoka hapa? Bei ya rundo mjini inakuja baadaye.

Hesabu ya nyumba ya mita 10 kwa 8

Watu wengi huanza kununua kokoto bila kujua wanahitaji ngapi. Wananunua rundo, linaisha, wananunua lingine, na kila safari wanalipa upya usafiri. Hesabu yenyewe si ngumu.

Chukua nyumba ya kawaida ya mita 10 kwa 8, yenye kuta mbili ndefu za ndani. Kuta za nje zina urefu wa mita 36, za ndani mita 18, jumla mita 54. Msingi wa mawe wenye upana wa sentimita 40 na kina cha sentimita 60 unafanya karibu mita 13 za ujazo. Kwa sababu rundo la mawe lina nafasi tupu kati ya jiwe na jiwe, na nafasi hizo ndizo zitajazwa na udongo wa simenti, mita 13 za msingi zinaomba karibu mita 13 za rundo la mawe.

Zege, ambalo mafundi wengi wanaliita beto, lina kipimo kinachojulikana na kila fundi aliyesoma kazi: kwa mita moja ya ujazo, kilo 350 za simenti, yaani mifuko saba, lita 400 za mchanga na lita 800 za kokoto. Sakafu ya mita 80 za mraba yenye unene wa sentimita 8 inafanya mita 6.4 za zege. Mfuniko wa juu ya kuta, ule wa vyuma unaofunga nyumba nzima, pamoja na nguzo tisa za pembeni na za kati, unaongeza karibu mita 2.7. Jumla ni mita 9 za zege na zaidi kidogo, zinazoomba mita 7.3 za kokoto. Kipimo cha simenti kwenye sakafu kinaweza kupunguzwa, lakini kokoto zinabaki pale pale.

Ukijumlisha mawe ya msingi na kokoto, nyumba hii inaomba karibu mita 20 za ujazo. Mita moja ya rundo ina uzito wa tani 1.5 hivi. Maana yake, kabla ya tofali la kwanza la ukuta, kabla ya mchanga, simenti na mabati, familia inapaswa kusogeza tani 30 za mawe.

Tani 30 ni nini kwa mkaaji wa Tshopo? Ni safari 300 za toleka iliyobeba magunia mawili ya kilo 50. Ni safari 60 za pikipiki ya magurudumu matatu iliyobeba nusu tani. Ni safari nne za lori la kumwaga mchanga lenye nafasi ya mita tano za ujazo. Ndani ya mji, njia zote tatu zinawezekana, na watu wanazitumia zote. Kilomita 60 kutoka mjini, inabaki moja tu.

Kilomita zinavyokula pesa

Tuseme lori hilo linakula lita 40 za mazutu kwa kilomita 100, wastani wa kwenda na kurudi kwenye barabara ya udongo. Kiwanja kikiwa kilomita 20 kutoka penye mawe, safari nne za kwenda na kurudi ni kilomita 160, yaani lita 64. Gawanya kwa mita 20: kila mita ya ujazo imebeba lita tatu na kidogo za mafuta.

Kiwanja kikiwa kilomita 100, ambayo ni karibu na umbali wa Kisangani na Yangambi, safari nne ni kilomita 800, yaani lita 320. Kila mita sasa imebeba lita 16. Kila mwenye kujenga anaweza kuchukua bei ya mafuta ya siku hiyo na kufanya hesabu yake mwenyewe. Mara nyingi atakuta kwamba mafuta peke yake yanapita bei ya mawe yenyewe.

Na mafuta ni mwanzo tu. Bei rasmi hupangwa na Wizara ya Uchumi wa Taifa kwa kila kanda ya nchi, lakini mbali na mji lori linalokaukiwa njiani linanunua kwa wale vijana wenye chupa na bidoni kando ya barabara, wanaoitwa Kadhafi, na hao wana bei yao. Kuna gurudumu linalopasuka, springi inayovunjika, siku mbili za kukwama kwenye matope. Kuna vizuizi vya mvua vinavyofungwa ili malori yasiharibu barabara ingali imelowa, na shoferi aliyesimama hapo na wasaidizi wake wanaendelea kula. Shoferi mwenye uzoefu anaingiza haya yote katika bei kabla ya kuwasha motokaa, hata kama safari hii hayatatokea.

Kitu kingine ambacho mnunuzi mara nyingi hakioni ni kwamba analipa safari mbili. Lori linapeleka mawe likiwa limejaa na kurudi tupu, na mwenye lori hawezi kurudi bure. Ndiyo maana kijiji chenye mavuno mengi kinaweza kupata kokoto kwa unafuu kuliko kijiji kilicho karibu zaidi na mji lakini kisicho na kitu cha kupakia wakati wa kurudi.

Upande wa kushoto wa mto kuna mzigo wa ziada. Tarafa ya Lubunga ni sehemu ya mji wa Kisangani, lakini hakuna daraja juu ya mto Kongo kati yake na tarafa nyingine tano. Kinachotoka Makiso au Kabondo kuelekea barabara za Opala na Ubundu kinavuka kwa baki au kwa mtumbwi. Mawe yanayovuka kwa mtumbwi yanapakiwa mara mbili na kushushwa mara mbili, na kila mara kuna mgongo wa mtu unaolipwa. Ni upande huu huu ambako mgogoro wa ardhi kati ya Wambole na Walengola, uliozuka mwaka 2023, uliteketeza nyumba na kufukuza familia nyingi. Kwa wanaorudi na kutaka kujenga tena, bei ya msingi ndiyo inaamua kama watajenga nyumba ya kudumu au ya miti na potopoto.

Sheria inasema sifuri, barabara inasema vingine

Kwenye karatasi, serikali haikutaka jiwe la kujengea liwe mzigo. Sheria ya madini ya Kongo, iliyorekebishwa mwezi Machi 2018, inaweka vifaa vya kawaida vya ujenzi, kama mchanga, kokoto na mawe, katika kundi lao lenyewe. Kiwango cha ushuru mkuu wa madini kwa kundi hilo ni asilimia 0, wakati madini yanayoitwa ya kimkakati yanatozwa asilimia 10.

Lakini asilimia 0 ya ushuru huo haimaanishi kwamba lori linapita bure. Kuna vibali vya kuchimba, kuna kodi za jimbo na za tarafa, kuna haki ya mwenye ardhi au ya chifu, kuna pesa za kupita barabarani zinazoingia katika mfuko wa taifa wa matengenezo ya barabara, FONER. Hizo zina risiti. Baada yake kunakuja kamba na vijiti visivyo na risiti, ambavyo wasafiri wote wa mashariki mwa Kongo wanavijua. Katika Kivu mbili, utafiti wa shirika la IPIS uliotolewa mwaka 2017 ulihesabu vizuizi 798 vya barabarani.

Kwa mzigo wenye thamani kubwa, kama kakao au simu, elfu chache za franka kwenye kizuizi ni sehemu ndogo ya bei. Kwa kokoto ni tofauti. Ni mzigo mzito wenye thamani ndogo, na kila kituo kinauma zaidi. Lori lenye mita tano za mawe likilipa vituo sita, kila mita imebeba kituo kimoja na zaidi juu yake. Anayelipa mwishoni ni mwenye kiwanja.

Hapa kuna jambo ambalo mnunuzi anaweza kufanya: kuomba bei iliyogawanywa. Mawe kiasi gani, upakiaji kiasi gani, usafiri kiasi gani, malipo ya barabarani kiasi gani, na risiti ziko wapi. Bei inayotajwa kwa jumla tu, bila mgawanyo, ndiyo inaficha mengi.

Wanaovunja mawe wanapata kidogo kuliko wote

Katika bei yote hii ndefu, mtu aliyefanya kazi ngumu zaidi ana sehemu ndogo zaidi. Sehemu kubwa ya kokoto zinazotumiwa na familia za kawaida haitoki kwenye mashine. Inatoka kwenye nyundo za wanawake, wengi wao wenye watoto wa kulisha, na za vijana wasio na kazi nyingine.

Kazi inafanyika kwa hatua. Mwamba unapashwa moto, mara nyingi kwa kuni au magurudumu ya zamani, mpaka upasuke. Vipande vikubwa vinang'olewa kwa mtaimbo na nyundo nzito, kwa kawaida na wanaume. Vingine vinauzwa hivyo hivyo kwa ajili ya msingi. Vinavyobaki vinabebwa kichwani hadi kwenye kivuli, ambako mwanamke anakaa chini na kuvivunja kimoja kimoja mpaka vifikie ukubwa wa kokoto. Rundo la toroli moja, au bruweti kama wengi wanavyosema, linaomba saa nyingi. Halafu linaweza kukaa wiki nzima likingoja mnunuzi.

Hatari zake zinajulikana. Kipande cha jiwe kinaruka na kuingia jichoni. Vidole vinapondwa. Mgongo unaharibika. Lililo baya zaidi halionekani: mawe mengi ya Kisangani ni ya jamii ya mchanga ulioshikamana na kuwa mgumu, na vumbi lake lina chembe za silika. Chembe hizo zikivutwa miaka mingi zinaweka makovu kwenye mapafu, ugonjwa unaoitwa silikosi, ambao hauna dawa ya kuuponya. Kitambaa kilicholowa puani kinapunguza vumbi kidogo tu. Kumwagia mawe maji kabla ya kuvunja na kukaa upande upepo unakotoka kunasaidia zaidi, na hakugharimu kitu. Miwani ya plastiki ya fundi wa kuchomelea inaokoa jicho.

Watoto nao wanaonekana penye mawe, hasa baada ya shule na wakati wa likizo. Sheria ya mwaka 2009 ya ulinzi wa mtoto inaweka miaka 16 kuwa umri wa kuanza kazi, na kuvunja mawe si kazi nyepesi.

Kwa hiyo mnunuzi anayebishana na mama wa nyundo kwa ajili ya franka mia chache kwa toroli anabishana mahali pasipo na pesa. Katika hesabu ya nyumba iliyo mbali, hata akipewa mawe bure, usafiri unabaki. Akitaka kupunguza gharama kweli, atazame barabara, kipimo na mchoro wa nyumba.

Kipimo ndicho kinaiba

Mjini, kokoto zinauzwa kwa ndoo, kwa toroli, kwa rundo na kwa lori. Hakuna hata kimoja cha vipimo hivyo kilicho sawa kila mahali. Toroli ya lita 60 iliyojazwa vizuri inafanya mita moja kwa safari 17 hivi. Ikijazwa kwa mkono mwepesi, zinakuwa 20 au zaidi, na mnunuzi amelipa sawa. Rundo lililomwagwa juu ya udongo uliovimba linaonekana kubwa kuliko lilivyo.

Dawa yake ni ya mbao. Fundi anatengeneza sanduku lisilo na chini, lenye sentimita 50 kila upande. Linabeba lita 125. Masanduku manane ni mita moja ya ujazo kamili, na hakuna wa kubishana. Linawekwa chini, linajazwa, linasawazishwa juu kwa ubao, linanyanyuliwa, linawekwa pembeni tena.

Kwa lori, kinachopimwa ni ndani ya kasha: urefu, upana, na kimo cha mzigo. Kasha la mita 4 kwa 2, lenye mzigo wa sentimita 60, lina mita 4.8, hata kama mwenye lori anasema tano. Kipimo kifanywe kabla ya kuondoka. Kokoto zinashuka na kubanana kwa kutikiswa njiani, na baada ya kilomita 80 za mashimo mzigo utaonekana umepungua hata kama hakuna aliyeiba. Asiyejua hilo anagombana na shoferi bure, na anayelijua vibaya anaibiwa kweli kwa kisingizio hicho.

Ukubwa na usafi navyo ni pesa. Kokoto zilizochanganyika na udongo zinaharibu zege, kwa sababu simenti haishiki kwenye matope. Fundi akilazimika kuongeza simenti ili kufidia, unafuu wa bei umekwisha. Jiwe linalotoa sauti nzito ya kufa likigongwa, au linalomong'onyoka kwenye kona, lisiende kwenye nguzo.

Mto unashuka upande unaofaa

Kuna jambo moja ambalo maumbile yameipa Tshopo. Mawe yako juu ya mto, na wilaya zisizo na mawe ziko chini yake. Mto Kongo unatiririka kutoka Kisangani kwenda Yangambi, Isangi na Basoko, na kutoka Kisangani hadi Kinshasa unapitika na meli kwa kilomita 1,734.

Kwa mzigo mzito usioharibika, maji ni nafuu kuliko matope. Jiwe halina haraka, halilowi, halioza. Baleniere au mtumbwi mkubwa unaoshuka unasaidiwa na maji yenyewe, na unaporudi unapandisha mchele, muhogo, samaki na makala. Gharama inahamia bandarini, kwa wanaopakia na kushusha, na kwenye njia kati ya ukingo na kiwanja. Kwa hiyo kijiji kilicho ukingoni kinafaidika sana, na kilicho kilomita 30 ndani ya msitu kinafaidika kidogo. Kuna pia hatari ya kupakia kupita kiasi: mawe hayaonekani mengi ndani ya mtumbwi mpaka maji yaanze kuingia, na ajali za mto Kongo zimeshaua watu wengi wa jimbo hili. Mzigo wa mawe usichanganywe na abiria.

Kwa barabara, ujanja ni kupanda lori la mtu mwingine. Malori yanayokwenda vijijini kuchukua makala, ndizi na mahindi mara nyingi yanatoka mjini yakiwa mepesi. Mwenye lori kama hilo ameshalipa safari yake kwa mzigo wa kurudi, na mita mbili tatu za kokoto za kwenda ni nyongeza kwake. Nyumba itapata mawe yake polepole, kwa miezi, lakini bei ya usafiri inaweza kuwa sehemu tu ya ile ya lori lililokodiwa kwa kazi hiyo peke yake. Familia nne au tano za kijiji kimoja zikiagiza pamoja, zina nguvu zaidi ya kujadili.

Msimu nao una bei. Kisangani inapata mvua mwaka mzima, lakini Desemba hadi Februari mvua hupungua, na kwa kiasi fulani Juni na Julai. Anayenunua kokoto katika miezi hiyo, hata kama atajenga baadaye, ananunua barabara ikiwa nzuri. Mawe yanaweza kungoja kiwanjani bila kuharibika. Simenti haiwezi, na ndiyo maana inapaswa kuja mwisho.

Kupunguza mawe bila kudhoofisha nyumba

Njia ya mwisho ya kupunguza gharama iko kwenye mchoro. Katika hesabu ya nyumba ya mita 10 kwa 8, sakafu peke yake inakula mita 5.1 za kokoto kati ya 7.3. Lakini sakafu inakaa juu ya ardhi, haibebi paa. Vijijini inaweza kufanywa kwa udongo mwekundu wenye changarawe, ule unaopatikana kando ya barabara nyingi za Tshopo, ukishindiliwa vizuri na kufunikwa kwa tabaka jembamba la mchanga na simenti. Inaweza pia kupangwa kwa matofali ya kuchoma yaliyolazwa. Familia inabakiwa na mita mbili na kidogo za kokoto za kununua, kwa ajili ya nguzo na mfuniko.

Penye udongo wa mfinyanzi, matofali ya kuchoma yaliyovunjika yanaweza kuchukua nafasi ya kokoto. Bangladesh, nchi ya tope la mito isiyo na mawe ya kutosha, imejenga hivyo kwa miaka mingi. Matofali yawe yameiva vizuri, yalowekwe maji kabla ya kuchanganywa ili yasinywe maji ya simenti, na yatumike kwenye sakafu na kazi nyepesi. Nguvu yake ni ndogo kuliko ya jiwe, kwa hiyo kwa nyumba ya ghorofa na kwa nguzo zinazobeba sana, kokoto halisi hazina mbadala. Tanuru la matofali nalo linakula kuni, na katika jimbo la msitu hilo nalo ni gharama, hata kama halilipwi dukani.

Mahali pasipofaa kubania ni kwenye msingi na kwenye mfuniko unaofunga kuta. Mvua za Tshopo zinashambulia nyumba kutoka chini. Msingi wenye kina kifupi, bila jiwe la kutosha juu ya usawa wa ardhi, unanyonya maji hadi ukuta uanze kumeguka, na hapo familia inajenga mara mbili.

Shule na vituo vya afya pia

Hesabu hii haiwahusu watu binafsi tu. Mpango wa maendeleo ya wilaya 145, PDL-145T, ulioanzishwa na serikali ya Rais Félix Tshisekedi na kukabidhiwa kwa BCECO, CFEF na PNUD, uliahidi shule, vituo vya afya na majengo ya utawala katika kila wilaya ya nchi, zikiwemo saba za Tshopo. Jengo la Yahuma na jengo lililo karibu na Kisangani yanaweza kuwa na mchoro mmoja, lakini mawe yake hayatokani na umbali mmoja. Mkandarasi aliyekadiria kwa bei ya mjini atasimama katikati ya kazi, au atapunguza kokoto ndani ya zege mahali ambapo hakuna anayeona.

Kwa wakaaji wanaofuatilia kazi hizo, kuna maswali rahisi ya kuuliza kabla ya chochote kumwagwa: mawe yanatoka wapi, yanasafiri kilomita ngapi, mchoro unaomba mita ngapi za ujazo, na ngapi zimefika kiwanjani. Sanduku la sentimita 50 la mwenye nyumba linapima rundo la serikali vile vile.